OpenRefine na rejesta za wanachama: tathmini ya programu ya kuondoa rekodi zinazojirudia

OpenRefine ni programu ya bure ya kusafisha data. Nimeitumia kwa kazi moja mahususi: kuunganisha rejesta za matawi ya chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa samaki na dagaa hapa Mwanza, kuondoa rekodi zinazojirudia, na kuhakikisha kwamba kila mwanachama anabaki na rekodi moja, ile ya karibuni zaidi, kabla faili halijaingizwa kwenye mfumo mpya wa makao makuu. Tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake. Programu ina uwezo mwingine, ukiwemo wa kulinganisha majina na hifadhidata za nje kama Wikidata, lakini huo sitaugusa, kwa kuwa ofisi ndogo ya ushirika haina haja nao.

Ni vema kwanza kueleza jinsi rekodi hizo zinavyozaliwa, maana programu haiwezi kupimwa bila kuujua mzigo inaobebeshwa. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hufuata mwezi: wavuvi hutoka na taa katika siku za giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na wengi wao huhama kambi kwa kufuata upatikanaji wa samaki, wakati huu wakiwa Ukara, wakati mwingine Ukerewe au visiwa vya upande wa Muleba. Mwanachama aliyejiandikisha Kirumba Mwaloni akihamia Nansio huulizwa namba yake ya uanachama na kukuta haikumbuki, kadi nayo imeloa au imepotea, na karani wa tawi, kwa kutotaka kumrudisha mtu mwenye fedha ya akiba mkononi, humfungulia fomu mpya. Baada ya muda mtu mmoja ana rekodi tatu: ya kwanza imetanguliza jina la baba, ya pili ina namba ya simu ambayo ameshaiacha, na ya tatu ina namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo hakuwa nayo alipojiunga. Kila moja ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Anayezipokea makao makuu anatakiwa kubakisha ile inayoeleza hali ya mwanachama ilivyo sasa, kwa sababu ujumbe wa kukumbusha marejesho ya mkopo utakwenda kwenye simu iliyoandikwa humo, na msiba ukitokea mrithi atakayeitwa ni yule aliyetajwa humo.

Programu yenyewe ilianza mwaka 2010 ikiitwa Freebase Gridworks, kazi ya kampuni ya Metaweb. Mwaka huohuo Google iliinunua kampuni hiyo na programu ikapewa jina la Google Refine, na mwaka 2012 ilipokabidhiwa kwa jamii ya watumiaji ikachukua jina ililonalo leo. Haina ada wala usajili. Hufunguka ndani ya kivinjari, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba data inapelekwa kwenye intaneti, lakini seva yake ni kompyuta yako mwenyewe, katika anwani ya 127.0.0.1, na ukishaipakua na kuisakinisha unaweza kuzima intaneti na kazi ikaendelea kama kawaida. Kwa rejesta yenye namba za vitambulisho na madeni ya watu, hilo lina uzito kuliko hata bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na ahakikishe kuwa ni sahihi, na sioni ni kwa hoja gani ofisi inaweza kupakia orodha ya wakopaji wake kwenye tovuti ya bure ya kusafisha mafaili ambayo haijulikani mwenyewe ni nani.

Swali ambalo mhasibu yeyote atauliza ni kwa nini tusitumie Excel, ambayo tayari ipo na kila mtu anaifahamu. Tangu toleo la 2007 Excel ina amri ya "Remove Duplicates", nayo ni ya haraka kwelikweli. Kasoro yake kwa kazi hii ni kwamba haikuulizi ubakishe rekodi ipi. Hubakisha mstari ulio juu, hufuta yote inayofanana nao chini yake, kisha hukutajia idadi ya mistari iliyofutwa bila kukuonyesha hata mmoja. Inawezekana kuiongoza kwa kupanga jedwali kwanza kwa tarehe, ya karibuni ikiwa juu, na hapo matokeo huwa sahihi. Lakini usahihi huo wote unamtegemea karani akumbuke hatua ambayo amri yenyewe haiidai wala haiikagui, na faili likishahifadhiwa na kufungwa hakuna alama inayobaki kuonyesha kama hatua hiyo ilifanyika. Power Query, chombo cha kuandaa data kilichomo ndani ya Excel hiyohiyo, huorodhesha hatua zake vizuri zaidi, lakini mwongozo wa Microsoft unasema waziwazi kwamba hakuna hakikisho kuwa mstari wa kwanza ndio utakaobaki. Wajuzi huilazimisha kwa amri ya Table.Buffer. Sijui karani wa tawi ataisikia wapi.

Hatari kubwa zaidi ya Excel iko kwenye vitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote na kuzigeuza zinazobaki kuwa sifuri. Karani akilifungua faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, kwa kulibofya mara mbili, namba iliyoandikwa bila vistari husomwa kama kiasi cha kuhesabiwa, na akilihifadhi tu, tarakimu tano za mwisho za mwanachama zimekwenda bila njia ya kuzirudisha. Zilizoandikwa na vistari katikati hunusurika kwa kuwa husomwa kama maandishi. Sasa, tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukikata mwisho wake, watu waliozaliwa siku moja wanaanza kukaribiana, na anayeondoa nakala kwa kutegemea safu iliyoharibika namna hiyo anaweza kumfuta mtu ambaye hakuwahi kuwa nakala ya mwingine. OpenRefine, katika ukurasa wa kuingiza faili, ina kisanduku kinachouliza kama ijaribu kugeuza maandishi kuwa namba. Kikiachwa bila alama, kila kitu hubaki kama kilivyoandikwa, pamoja na sifuri ya mwanzo ya namba za simu ambayo lahajedwali hupenda kuimeza.

Nikija kwenye kiini cha kazi, yaani kubakisha rekodi ya karibuni, lazima niseme kwamba sehemu ngumu inatokea kabla programu haijafunguliwa. Karibuni kwa tarehe ipi? Faili la tawi mara nyingi lina tarehe tatu: ya kujiunga, ya fomu kutiwa sahihi, na ya karani kuingiza fomu kwenye kompyuta. Fomu iliyojazwa Ukara mwezi Machi inaweza kuvuka maji, ikalala ndani ya bahasha ya afisa mikopo, na ikaingizwa mwezi Mei, wakati mwanachama huyohuyo alifika Kirumba mwezi Aprili, akabadilisha namba ya simu, na mabadiliko yake yakaingizwa papo hapo. Ukifuata tarehe ya kuingizwa, simu ya zamani inashinda. Ukifuata tarehe ya sahihi, inashinda mpya. OpenRefine haijifanyi kuamua jambo hilo kwa niaba yako. Inakutaka utaje safu kwa jina, na kwa maoni yangu hiyo ni sifa, kwa sababu inailazimisha ofisi kukubaliana. Kwetu meneja, mhasibu na makarani walikubaliana kwa maandishi kwamba kipimo ni tarehe ya mwanachama kutia sahihi, na kwamba tarehe ya kuingizwa itatumika tu pale ambapo ya sahihi inakosekana au inapolingana. Ile tarehe ya faili lenyewe inayoonekana kwenye folda tuliitupilia mbali, kwani mtu akilifungua faili na kulihifadhi tena kwa kupitiwa, nayo inabadilika.

Baada ya kukubaliana, tarehe lazima zigeuzwe kuwa tarehe halisi. Zikiachwa kama maandishi, 09/12/2022 itapangwa kuwa mpya kuliko 05/01/2024, kwa kuwa kompyuta inalinganisha herufi moja baada ya nyingine kuanzia kushoto. Programu ina amri ya toDate kwa kazi hiyo, na hapa pana mtego ambao mwongozo unautaja lakini msomaji mwenye haraka ataupita: amri isipoelekezwa, husoma mwezi kwanza kwa mtindo wa Marekani, hivyo 03/04/2024, ambayo kwa kila mtu wa Mwanza ni tarehe 3 Aprili, inageuka kuwa tarehe 4 Machi. Hakuna onyo lolote litakalotokea. Dawa yake ni kuandika value.toDate(false), au kuutaja muundo wenyewe, yaani value.toDate('dd/MM/yyyy'). Baada ya hapo kuna kichujio cha muda kinachozichora tarehe zote kwenye mchoro mmoja kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, na kando yake kinahesabu seli ambazo hazikusomeka na zilizo tupu. Mwanachama aliyetia sahihi mwaka 2204 anaonekana hapo mara moja, akiwa peke yake mwishoni kabisa mwa mchoro. Nimekipenda kichujio hiki kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu.

Kisha huja swali la utambulisho: ni nini kinachofanya rekodi mbili zihesabiwe kuwa za mtu mmoja? Simu peke yake haitoshi. Mume na mke hutumia laini moja, nahodha huandikisha wavuvi wake kwa namba yake mwenyewe, na namba iliyoachwa hugawiwa mtu mwingine. Jina peke yake halitoshi kabisa. Hata muunganiko unaoonekana kuwa imara, wa tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la baba na kijiji, huvunjika hapa Usukumani kwa sababu ya Kulwa na Doto. Mapacha hawa wana tarehe moja, baba mmoja, kijiji kimoja, mara nyingi na mrithi mmoja, na wakijiunga na chama kwa nyakati tofauti, kanuni ya kubakisha rekodi ya karibuni itamfuta aliyetangulia kujiunga pamoja na haki zake. Tuliishia kupanga ngazi: namba ya NIDA ikiwepo kwa ukamilifu ndiyo inayotumika, isipokuwepo, namba ya uanachama, na ya mwisho ni simu pamoja na majina yote, ambapo kila inayofanana inapitiwa kwa macho kabla ya kuguswa. Simu zenyewe tulizilinganisha kwa tarakimu tisa za mwisho, ili iliyoanza na 0 na iliyoanza na 255 zikutane.

Kwa majina, OpenRefine inastahili sifa ambayo sijaona programu nyingine ya bure ikiistahili kwa kiwango hicho. Ina chombo cha kukusanya maandishi yanayokaribiana, na njia yake ya kwanza, inayoitwa "fingerprint", huondoa nafasi za ziada, hupuuza herufi kubwa na alama za uandishi, hukata jina katika maneno na kuyapanga maneno hayo kialfabeti. Matokeo yake ni kwamba Masalu Shija, SHIJA Masalu na "shija, masalu" huangukia kundi moja, na Ng'wandu hukutana na Ngwandu. Kwa nchi ambayo fomu moja hutanguliza jina la kwanza na nyingine jina la ukoo, njia hiyo peke yake inamaliza sehemu kubwa ya kazi. Njia ya pili hupima tofauti ya herufi kwa kipimo cha Levenshtein, na ndiyo inayomkamata Mabula aliyeandikwa Mabura, jambo la kawaida kwa makarani wa kanda hii. Hata hivyo huanza kwa kudai majina yawe na herufi sita zinazofuatana zilizo sawa ndipo iyalinganishe, na kwa majina mafupi ya huku kiwango hicho ni kikubwa mno. Inafaa kukipunguza hadi herufi tatu, ukikubali kwamba itachukua muda zaidi. Njia za matamshi, kama Metaphone3, ziwekeni kando, kwani zimetungwa kwa matamshi ya Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya na hazina la kusema kuhusu majina ya Kisukuma, Kikerewe au Kijita.

Onyo moja: kitufe cha kukubali makundi yote kwa pamoja kisibonyezwe. Asha Mabula na Aisha Mabula wanatofautiana kwa herufi moja, na wanaweza kuwa ndugu wawili wa nyumba moja. Ni busara pia kufanya usafishaji huo kwenye safu ya nakala, ili jina kama lilivyoandikwa na mwanachama mwenyewe libaki bila kuguswa.

Sasa njia yenyewe ya kuondoa. OpenRefine haina kitufe kimoja cha kubakisha rekodi ya karibuni, na wengi watakaoifungua kwa mara ya kwanza watavunjika moyo kwa hilo. Kinachofanyika ni kupanga mistari kwa safu ya utambulisho, kisha kwa tarehe, ya karibuni ikitangulia. Kuamuru mpangilio huo uwe wa kudumu. Kutumia amri ya "Blank down", ambayo hufuta thamani ya seli ikiwa inafanana na ya juu yake. Kuchuja mistari ambayo utambulisho wake umekuwa mtupu. Na kuiondoa hiyo. Mstari unaobaki kwa kila mtu ni ule uliokuwa juu, yaani wa karibuni. Kama una kitambulisho na tarehe zilizo safi, shughuli hii yote ni ya dakika chache.

Mitego yake ni mitatu, na yote inauma. Wa kwanza ni kwamba kupanga kwa kawaida katika programu hii ni kwa ajili ya macho tu. Usipochagua "Reorder rows permanently" katika menyu ya kupanga, "Blank down" itafanya kazi kwa mpangilio wa zamani uliojificha chini, na utabakisha rekodi yoyote iliyotokea kuwa juu. Wa pili ni kwamba programu ina mionekano miwili, wa mistari na wa rekodi, na huo wa rekodi huihesabu mistari yenye seli tupu katika safu ya kwanza kuwa sehemu ya mstari ulio juu yake. Ukiondoa mistari tupu ukiwa katika mwonekano wa rekodi, mwanachama mzima huondoka, wa zamani na wa karibuni pamoja, kwa hiyo hakikisha maneno "Show as: rows" ndiyo yaliyochaguliwa. Mtego wa tatu sijaona ukielezwa vya kutosha: mwanachama ambaye hakuwa na kitambulisho tangu mwanzo naye ana seli tupu, na kichujio hakitamtofautisha na nakala. Wote wa aina hiyo watafutwa kimyakimya kama hawakutengwa mapema au kupewa alama ya muda isiyojirudia. Katika rejesta yenye wazee wengi wa visiwani wasio na NIDA, hao ndio wanachama ambao chama hakitaki kuwapoteza.

Lipo jambo linalozidi programu hii na nyingine zote, nalo ni kwamba rekodi ya karibuni mara nyingi si kamili. Mwanachama aliyekuja kubadilisha simu tu alijaza jina na simu, akaacha nafasi ya mrithi ikiwa wazi, na rekodi yake mpya ikishinda, mrithi aliyemwandika miaka iliyopita anatoweka. Kwa tarehe ya kuzaliwa au namba ya NIDA, ambazo hazibadiliki, sioni ubaya wa kuzichukua kutoka rekodi ya zamani na kuijazia mpya. Kwa mrithi ningekataa. Nafasi iliyo wazi inaweza kuwa na maana kwamba mtu ameachana na mwenzake, au kwamba karani hakuuliza, na hakuna programu inayoweza kutofautisha haya mawili, kwa hiyo mwanachama apigiwe simu. OpenRefine inaruhusu kujazia namna hiyo, lakini kwa kuandika maelekezo katika lugha yake ndogo iitwayo GREL, na hapo ndipo karani wa kawaida anapohitaji mtu wa kumsaidia.

Fedha nazo ni habari nyingine kabisa, na ningependa kila mhasibu aisome aya hii mara mbili. Kanuni ya kubakisha ya karibuni ni ya taarifa za mtu: jina, simu, makazi, mrithi. Haihusu hisa, akiba wala mikopo. Mwanachama mwenye rekodi tatu anaweza kuwa na akiba katika zote tatu, na hizo ni fedha zake zote, zinazopaswa kujumlishwa chini ya namba moja ya uanachama, si kubakishwa za mwisho na kutupwa nyingine. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote tunahitaji jedwali linaloonyesha kila namba ya zamani imeingia kwenye namba ipi inayobaki. OpenRefine hulitengeneza kwa urahisi wa kushangaza. Baada ya "Blank down", unaunda safu mpya inayobeba namba ya uanachama kwa mistari ya juu tu, kisha unatumia amri iliyo kinyume chake, "Fill down", inayoijaza namba hiyo kwenye mistari yote ya chini ya mtu huyo. Unalitoa faili hilo nje, unalihifadhi, ndipo unafuta. Mhasibu anabaki na jedwali la kuhamishia miamala, na mkaguzi akija anaweza kuuliza kuhusu mwanachama yeyote na akajibiwa.

Ukaguzi ndio unaonifanya niipendekeze programu hii licha ya mitego yake. Faili la asili haliguswi kabisa, kwani kazi yote hufanyika kwenye mradi uliotengenezwa kutoka kwenye faili hilo. Kila hatua huandikwa pembeni kwa mpangilio, na unaweza kurudi nyuma hadi hatua yoyote, hata baada ya kuzima kompyuta na kuifungua wiki inayofuata. Hatua hizo zinaweza pia kutolewa kama maandishi na kutumiwa tena kwenye faili lingine lenye safu zilezile, kwa hiyo tawi likileta rejesta ya robo mwaka unaofuata, usafishaji wa simu na tarehe hauanzi upya. Nashauri tu kwamba makundi ya majina yasirudiwe kwa njia hiyo bila kuangaliwa, maana kilichokuwa kosa la uandishi mwezi uliopita kinaweza kuwa mtu mpya mwezi huu.

Upungufu wake mwingine ni wa kawaida. Maelezo yake na mafunzo mengi yako katika Kiingereza. Hutumia kumbukumbu ya kompyuta iliyotengewa kiwango maalumu tangu mwanzo, na faili kubwa litaifanya isuesue hadi uongeze kiwango hicho katika faili la mipangilio. Umeme ukikatika unaweza kupoteza kidogo, kwa kuwa hujihifadhi kila baada ya dakika tano. Kwa ofisi yenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, hilo ni la kukumbuka. Haikuundwa kwa watu wawili kufanya kazi kwenye mradi mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna ratiba ya kuingiza data yenyewe usiku.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua nani asiitumie. Chama chenye matawi yanayotuma mafaili kila siku kinahitaji kazi hii ifanywe na hifadhidata yenyewe. Mwenye mtaalamu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa mfano, ana amri ya ON CONFLICT tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, inayosasisha rekodi iliyopo badala ya kuongeza nyingine. Lakini amwambie mtaalamu huyo aweke sharti la kulinganisha tarehe, kwani bila sharti hilo faili la zamani lililochelewa kutoka Ukerewe likiingizwa leo litafunika taarifa mpya zilizoingia jana, na kilichoingizwa mwisho kitahesabiwa kuwa cha karibuni. Amri hiyo pia hukataa kabisa kuendelea ikiwa faili moja lina mtu yuleyule mara mbili, kwa hiyo nakala za ndani ya faili lazima ziondolewe kwanza, kwa amri ya DISTINCT ON, inayobakisha mstari mmoja kwa kila mtu, katika hifadhidata hiyohiyo, au na karani wa tawi kwa OpenRefine kabla hajalituma.